Meza ya Mtu Asiye na Wakwe

Wenzangu mliobaki kazini mliniomba niandike niliyojifunza katika miaka ya kutengeneza mizani Kisii na Nyamira. Nadhani mlitarajia habari za springi na mawe ya kupimia. Zimo. Lakini swali ambalo karibu kila mmoja wenu ameniuliza pembeni, na hakuna aliyethubutu kuliuliza mkutanini, ni hili: ukitumwa Kisii, unakula wapi? Nitaanzia hapo. Katika kazi yetu hilo si swali dogo, na kwangu mimi lilikuja kuwa zito kuliko mengine yote.

Nilianza kazi nikiwa nimeachia shule kidato cha pili. Mengine niliyoyajua nilikuwa nimeyasoma peke yangu katika vitabu vya mitumba. Mzee Odhiambo, fundi mkuu wetu wakati huo, hakuniuliza cheti. Alinipa jiwe la shaba la kilo moja, akaniambia nilishike. Nikalishika.

"Umeliharibu," akasema. "Jasho lako lina uzito. Jioni utalisafisha, na kuanzia kesho utalishika kwa kitambaa."

Siku hiyohiyo tulikwenda Mosocho kurekebisha mizani ya bucha. Tulipokuwa bado tunafungua sanduku la zana, mwenye bucha alileta nyama ya kuchoma juu ya ubao, na kachumbari pembeni. Nilikuwa na njaa ya kweli. Mzee Odhiambo alishukuru kwa heshima zote, akasema tuna haraka, akaendelea na kazi bila haraka yoyote. Njiani alinieleza.

"Ukila nyama yake, hata mizani ikisema kweli, watu watasema ni nyama iliyosema. Usile mahali penye mizani. Basi."

Sheria hiyo niliishika hadi mwisho, na ninawaachia nanyi. Lakini hebu zungukeni mji wowote mkihesabu sehemu zenye mizani. Bucha zote na nyama choma zao. Maduka ya jumla. Vituo vya chai. Wauza samaki. Na nyumba za wateja pia, kwa sababu mkulima uliyempimia majani ya chai asubuhi akikualika nyumbani saa sita, huwezi kwenda, ingawa watu wa huku huumia wakimwona mgeni akiondoka na njaa. Nimewaumiza wengi. Fundi wa mizani hualikwa na kila mtu na hula na nani? Hula peke yake, pembeni, mahali ambapo chakula huuzwa kwa sahani, kikombe au kipande.

Kwa hiyo sehemu zangu ni hizi. Mosocho, penye njia ya kuingilia sokoni, kuna akina mama wanaouza uji wa wimbi kwa vibuyu na vikombe. Uchachu wake ni wa kiasi na unashikilia tumbo hadi saa nane. Kunyweni mapema, kabla haujafika kwenye mashapo ya chini ya sufuria. Kebirigo ndipo mahali pa chai. Tafuteni kibanda ambacho madereva wa lori za majani husimama, kwa maana mtu anayebeba chai mbichi kutwa hawezi kudanganywa na chai mbovu. Maziwa hutiwa mapema, na andazi lake lina pembe kavu. Nyamira mjini, ndizi za kuchemsha na maharagwe. Hapo sina la kuongeza.

Tabaka panahitaji tahadhari. Niliitwa huko na mfanyabiashara wa mawe ya kuchonga. Mizani yake ya jukwaa ilikuwa sahihi asubuhi na mvivu alasiri. Nilibadilisha springi, nikabadilisha hata sakafu, ikabaki vilevile. Mwishowe niliketi tu nikaitazama mchana kutwa. Ni vumbi. Wachongaji wakianza kusugua mawe, unga mweupe unaelea, unaingia pale ambapo mkono wa mizani huegemea kwenye makali ya chuma, na kufikia saa tisa makali yamevaa shuka. Tulishona kifuniko cha turubai na shida ikaisha. Ninawaeleza kwa sababu mbili. Ya kwanza, kabla ya kulaumu springi, jiulizeni hewa ina nini. Ya pili, chapati za Tabaka nunueni asubuhi.

Sasa nije kwenye hoteli yenyewe.

Iko Kisii mjini, upande wa juu wa soko, katika chumba kirefu na chembamba kama behewa. Haina mizani. Mwenyewe ni Mama Kemunto, mjane, Msabato wa kweli. Ijumaa jua likielekea kushuka anafunga, na Jumamosi usimtafute. Chai hauzi kabisa, ingawa ndugu zake wote wanachuma chai. Yeye binafsi hainywi na haoni kwa nini auze asichokunywa. Huko utakula ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu ya Kisii iliyochemshwa kwa muda mrefu na kutulizwa kwa maziwa. Mara ya kwanza nilishindwa kuimeza. Mara ya tatu niliiagiza mwenyewe.

Siku niliyoingia mara ya kwanza ilikuwa siku ya soko. Nilikwenda kukaa dirishani. Mhudumu, Nyanchama, mwanamke wa rika langu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alinizuia na sahani mbili mkononi.

"Hapo hapana. Wewe ni wa wapi?"

"Mwingi."

"Umeoa wapi?"

"Huko huko Mwingi. Mke wangu alishafariki."

"Pole. Hata shangazi yako hakuolewa huku? Hata binamu?"

"Hapana."

Akageukia jikoni, akatangaza kama mtu aliyepata bidhaa adimu: "Mama, huyu hana mtu!"

"Mweke katikati," sauti ya Mama Kemunto ikajibu.

Ndipo nikajifunza jinsi chumba kile kinavyofanya kazi. Wakisii wana heshima waiitayo chinsoni. Mtu na mama mkwe wake, baba na mke wa mwanawe, wazazi wa bwana na wazazi wa bibi: hao hawali wakitazamana. Sisi Wakamba tunayo pia, na tunaiita nthoni, kwa hiyo sikuwa mgeni wa jambo lenyewe. Lakini Kisii ni mji mdogo wenye ndoa nyingi, na siku ya soko wakwe wote wana njaa saa ileile. Mama Kemunto na Nyanchama waliubeba ukoo wa wilaya nzima kichwani. Walijua nani akae kushoto, nani kulia, na nani aambiwe mlangoni azunguke kwanza anunue sukari. Katikati palikuwa na meza moja ambayo ilionekana kutoka pande zote mbili. Hapo hakuna mwenyeji aliyeweza kukaa siku ya soko bila kumkosea mtu. Niliweza mimi. Mwili wangu, na wakati ule nilikuwa na mwili, ulitosha kumkinga mama mkwe mmoja kamili.

Siku moja dereva mnene wa lori la ndizi aliingia akicheka, akamwona mama wa mkewe akimenya ndizi ya kuchemsha, akageuka kwa kasi hadi akaangusha kiti.

"Fundi, sogea kushoto!" Nyanchama akaita. "Kidogo tena. Simama hapo!"

Nikabaki nimeinama upande, kijiko hewani. Dereva akapita nyuma yangu hadi upande wa pili, akaketi, akapumua.

"Asante, ukuta," akaninong'oneza.

"Karibu," nikasema.

Hoteli nzima ilicheka, hata yule mama mkwe, lakini yeye alicheka akiangalia sahani yake.

Sikuchukizwa na kuwa ukuta. Kisumu, nilikopanga chumba, nilikula nimesimama kando ya jiko, sufuria mkononi, ili nisichafue sahani. Kule Kisii kulikuwa na meza ambayo haikuwa na maana nisipofika. Nilianza kupanga safari zangu ziangukie siku ya soko.

Baada ya watu kupungua, Mama Kemunto alikuwa akivuta kigoda hadi mwisho wa meza yangu, akichambua mboga za kesho. Hakuwa na haja ya kujificha kwa mtu asiye mkwe wa yeyote. Tulizungumza habari za kanisa lake, mvua, kifo cha mumewe na cha mke wangu. Aliniuliza kazi yangu ni nini hasa, nikamweleza kwamba mizani nzima ikiwekwa kombo itadanganya.

"Basi kosa si la mizani," akasema, "ni la sakafu."

"Ndiyo."

"Na wewe huwa unaanzia wapi?"

"Sakafu."

"Vizuri," akasema, akaendelea na majani yake. Nimesifiwa mara chache kazini. Ile naikumbuka.

Miaka ilikwenda hivyo, nami nikakaribia kustaafu. Nilikuwa nimeona chumba cha kupanga juu ya soko, nikamwambia mwenye nyumba kwamba nitakuja. Na nilikuwa na swali la kumwuliza Mama Kemunto. Sitalizungusha: nilitaka kumwuliza kama angekubali tuzeeke katika nyumba moja. Sote wawili tulikuwa wajane, watoto wetu walikuwa wakubwa, na imani tungeelewana. Nililiandaa swali hilo kama ninavyoandaa kazi, sakafu kwanza. Sakafu ikanichukua muda mrefu. Ninayaandika haya kwenu mafundi, si kwa familia yangu wala yake, na ninaomba yakae ndani ya sanduku la zana.

Wakati huo binti yangu Mwende alipelekwa Kisii kwa mafunzo ya uuguzi. Mtoto wangu ni mmoja tu. Akaniuliza, kama ninyi, mahali pazuri pa kula. Ningempeleka wapi kwingine? Nilimpeleka mwenyewe, nikamketisha katika meza yangu. Mama Kemunto aliacha jiko akamhudumia kwa mkono wake, akamwambia, "Mama yangu, kula. Hawa wa hospitali watakukausha." Tukiwa bado tunakula akaingia Mokaya, mwanawe mwalimu, amebeba mkungu wa ndizi begani. Aliutua, akatusalimu, akabaki amesimama hapo kidogo zaidi ya inavyohitajika kwa salamu. Niliona. Nilidhani ni uchovu wa mkungu.

Mafunzo ya Mwende yalipokwisha alipata kazi Nyamira. Jumapili moja alikuja Kisumu kunitembelea. Nilimpa kiti, mimi nikakaa kitandani.

"Baba, kuna mtu."

"Wa wapi?"

"Wa Kisii. Mama yake unamjua. Unamjua sana."

Nilijua kabla hajataja jina. Aliendelea kueleza, kwamba Mokaya ni mtu wa staha, kwamba hanywi, kwamba ndiye aliyekuwa akimsindikiza akitoka zamu. Kisha akanitazama usoni kwa makini. Ni muuguzi; huwa wanatazama hivyo.

"Kuna kitu kinakusumbua? Kama kuna sababu ya kukataa, sema sasa. Sitakasirika."

Mjue nilichokuwa nimeshika. Neno langu moja lingetosha. Ningesema kuhusu mama yake, na ndoa hiyo isingeweza kuwa: huwezi kumwoa mama wakati binti yako anaolewa na mwana. Na nikinyamaza, mama yule angekuwa mkwe wangu siku hiyohiyo, na kati yetu ingesimama heshima ambayo haina mlango.

"Nipe muda," nikasema. "Nina kazi Kisii juma hili."

Nilifika hotelini siku ya soko. Nyanchama alinikuta mlangoni. Safari hii hakupiga kelele.

"Fundi, leo hukai pale."

"Kwa nini?"

"Si una watu sasa? Kaa huku mwisho, ugeukie ukutani."

Kwa hiyo kule walikuwa wamekwisha kuambiwa. Meza ya katikati ilikaa tupu, na watu wa upande wa kushoto wakawa wanakula wameinamisha shingo. Chakula changu kilikuja kimefunikwa vizuri, kingi kuliko kawaida. Mama Kemunto alikuwa mlangoni mwa jikoni, umbali ambao ningemsikia akikohoa, ila alikuwa ametazama sufuria.

"Nyanchama," akasema, "mwambie mgeni wetu karibu chakula."

"Amesikia," Nyanchama akasema.

"Mwambie."

"Fundi, karibu chakula."

"Mwambie mama asante," nikasema. Halafu, kwa kuwa sikuwa na siku nyingine: "Nyanchama, hebu mwulize mama kama ameridhika na jambo hili la watoto."

"Mama, anauliza kama umeridhika."

"Mwambie watoto wameridhika."

"Anasema watoto..."

"Nimesikia. Sikuuliza watoto."

Mama Kemunto aliacha kukoroga. Nyanchama alitutazama mmoja mmoja, na nadhani ndipo alipoelewa, kwa sababu aliweka sahani zake chini.

"Mama," akasema polepole, "anasema hakuuliza watoto."

Palikuwa na kelele za soko nje. Mama Kemunto alipangusa mikono kwa aproni, kila kidole.

"Mwambie," akasema, "kama angekuja na neno jingine mapema, ningelisikiliza. Lakini watoto wametangulia. Mwambie mimi siwezi kumnyang'anya mwanangu sahani. Yeye je?"

Nyanchama akanigeukia. Alikuwa na machozi, na alikuwa amekasirika. "Umesikia ama nirudie? Mimi niko na wateja!"

"Nimesikia. Mwambie hata mimi siwezi. Mwambie nimeridhika."

"Mbuya mono, vizuri sana," Mama Kemunto akasema, akimwambia Nyanchama, na akarudi kwa sufuria yake. Nikala chakula chote. Kilikuwa chinsaga, na kilikuwa kimepikwa vizuri sana.

Jioni hiyo nilimpigia Mwende nikamwambia hakuna sababu.

Wazee wa pande zote walifika Mwingi kwa mazungumzo, na mambo yalikwenda kwa heshima. Mama Kemunto alikuja pamoja na akina mama, akapelekwa nyumbani kwa dada yangu, huku mimi nikiwa na wanaume chini ya hema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kula kwetu. Dada yangu aliniambia baadaye kwamba mama wa bwana harusi alikula vizuri na kuuliza isyo, mahindi yetu na maharagwe, inapikwaje. Hayo nimeyapokea kama habari za mbali.

Sasa nimestaafu. Kile chumba cha juu ya soko nilimwachia mwenye nyumba. Ninaishi Mwingi, na mara chache ninakwenda Nyamira kuwatembelea Mwende na Mokaya. Ninapokewa kwa kuku mzima. Ninaketishwa sebuleni kwenye kiti kizuri, na kwa kuwa mimi ni mkwe mkubwa, hakuna anayeketi kula nami. Mokaya hungoja nje hadi nimalize. Nilipokuwa kijana nilidhani heshima na upweke ni vitu viwili.

Katika safari yangu ya mwisho ya kazi nilikwenda na Akinyi, fundi mwenzetu aliyechukua njia yangu ya Kisii. Adhuhuri nilimsindikiza hadi mlango wa ile hoteli, nikarudi kungoja kwenye gari na ndizi moja ya kuchoma. Nilimwona Nyanchama akimhoji mlangoni. Akinyi alipotoka alikuwa akicheka.

"Wameniuliza dada zangu wote wameolewa wapi! Wamenikalisha katikati kama picha."

"Umekula nini?"

"Ile mboga. Ni chungu, lakini." Akafunga mkanda. "Yule mama wa jikoni alikuja mwenyewe mezani. Akaniuliza kama wewe umekula."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sijui. Kwani ulikuwa umekula?"

Niliwasha gari. Akinyi, sikukujibu siku ile, na wewe ndiye utakayerudi huko, basi ninakujibu hapa mbele ya wenzako wote. Shika mawe kwa kitambaa. Anza na sakafu. Usile mahali penye mizani. Na akikuuliza tena, mwambie nimekula.